Kilo Zilitoka, Ngozi Ikabaki

Kilo 42 zilitoka mwilini mwangu. Ngozi iliyokuwa imezibeba haikutoka nazo. Hilo hakuna aliyenidokeza nilipoanza kupunguza, si mtaani wala kwenye zile picha za kabla na baada, ambapo mtu yuko mnene kushoto, mwembamba kulia, na kote amevaa nguo ya kubana.

Mimi ni fundi cherehani, Ngamiani, Tanga mjini. Kutwa nzima futi iko shingoni, napima vifua, viuno na makalio ya watu, kwa hiyo namba zangu nilizijua kabla daktari hajaniambia. Nilianzia kilo 118, kiuno sentimita 121, presha iko juu na sukari imeanza kupiga hodi. Leo nacheza kwenye 76 na 77. Dawa za presha zimepunguzwa, magoti yamenyamaza, na nikishika njia ya Raskazone kwa miguu nafika bila kutafuta pa kukaa. Nayasema haya mapema ili nisije nikaeleweka vibaya. Kupungua sijutii hata nukta moja. Ninachotaka kukieleza ni kile kilichobaki baada ya kupungua.

Namna nilivyopungua haina maajabu. Sukari kwenye chai niliiacha, vitumbua vya asubuhi vikawa vya Ijumaa tu, wali wa nazi nikaupakua kwa bakuli dogo la supu badala ya sahani, na nusu ya sahani ikajaa mchicha, matembele au bamia. Alfajiri nikawa natembea. Nusu kilo kwa wiki, wiki nzuri kilo nzima, na kuna miezi mzani haukusogea kabisa. Ilinichukua karibu miaka miwili. Jirani yangu mmoja alikuwa anashinda na maji ya ndimu na tikiti, akapungua haraka kuliko mimi, akachakaa haraka vilevile. Anayejinyima mpaka njaa inamtetemesha hapotezi mafuta peke yake, misuli nayo inaliwa. Na misuli ikiondoka chini ya ngozi iliyolegea, ngozi inakosa hata kile kidogo cha kuegemea.

Kwangu mikono ndiyo ilianza. Siku nakata satini ya sare za harusi, mkasi ule mkubwa wa chuma mkononi, kila ninapofunga mkasi nyama ya chini ya mkono inatikisika na kupiga ubavu. Mwanzo nilidhani ni mafuta yaliyobaki. Kisha tumbo: nikisimama wima linaning'inia chini ya kitovu, nikiinama kufunga viatu linamwagika mbele, nikilala ubavu linalala pembeni yangu. Mapaja yakakunjamana juu ya magoti. Matiti yakawa matupu kwa juu. Shingo na mashavu navyo vikalegea, na hapo ndipo mama mkwe alipoingia.

"Mwanangu, una nini?"

"Sina kitu, mama. Nimepunguza mwili tu."

"Umepunguza mpaka uso? Rudisha rudisha kidogo. Watu wananiuliza mimi."

Pwani yetu hii mwanamke akinenepa anaambiwa ndoa imemkubali, akipungua anatafutiwa ugonjwa. Nilisikia kwamba nimekanyaga miwaya, yaani nina Ukimwi, nikasikia kwamba baba watoto kaoa Pangani, nikasikia kwamba deni la kikoba limenila. Ngozi iliyolegea ndiyo inayowapa watu ushahidi, kwa sababu mtu aliyezaliwa mwembamba halegei hivi. Anayelegea anaonekana kama ameugua. Nilipokuwa na kilo 118, presha ikinipeleka hospitali, hakuna aliyeniuliza nina nini.

Ikafuata misafara ya washauri. Mmoja akaja na mkanda wa tumbo, ule mpana wa mpira, kwamba nikiuvaa nikitembea jasho litatoka na ngozi itarudi. Jasho lilitoka kweli. Kinachopungua pale ni maji, ukinywa glasi mbili yamerudi, na ngozi iko palepale, ila sasa ina vipele. Mwingine akaniletea singo ya mchele na liwa, nisuguliwe kama bibi harusi. Singo naipenda, inang'arisha, inanukia, na mwili unalainika. Basi ni hivyo tu. Mafuta ya nazi hali kadhalika: yanazuia ngozi isikauke, na ngozi laini inaonekana vizuri kidogo kuliko kavu, lakini hayazami kufika pale tatizo lilipo.

Wa tatu ndiye niliyemkatalia kwa ukali. Alikuwa na kikopo cha mkorogo, anaapa kwamba kinabana ngozi ndani ya wiki. Krimu nyingi za namna ile zina dawa za steroidi, na steroidi ikipakwa muda mrefu inaikondesha ngozi, inaleta michirizi, na inaifanya iwe dhaifu ya kuchubuka ovyo. Yaani unachukua ngozi ambayo imeshachoka unaipunguzia na unene wake. Nina wateja ambao kwapa na mapaja yao yameiva kwa mkorogo. Nawapima, nayaona, nanyamaza. Ila mtu asiniletee mimi.

Aliyenifumbua macho ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kijana mdogo tu wa kumzaa mimi, nilikopelekwa kwa sababu ya mgongo. Nilipomaliza kueleza mgongo nikamfungulia na la moyoni. Akanibana nyuma ya mkono kwa vidole viwili, gumba na cha shahada, akaivuta ngozi taratibu mbali na msuli.

"Ona mama, hapa vidole vyangu vinakaribia kukutana. Hii ni ngozi tupu. Tumboni huku chini bado vinaachana, ina maana kuna mafuta kidogo. Ni mambo mawili, na kila moja lina dawa yake."

Akanieleza kwamba tabaka la kati la ngozi limeshikiliwa na protini mbili kubwa. Kolajeni inaipa uimara, elastini inaifanya ivutike na kurudi. Kolajeni mwili unaendelea kuitengeneza, ingawa kidogo kidogo kadiri umri unavyokwenda. Elastini nyingi tunaipata utotoni, na ikishakatika ukubwani hairudishwi ipasavyo. Ngozi ikivutwa kwa miaka mingi, nyuzi zile zinakatika. Nikamwambia hilo mimi nalijua kutoka kiunoni mwa sketi: lastiki ukiivuta dakika moja inarudi, ukiiacha imevutwa mwaka mzima, hata uifue kwa maji ya moto ni bure. Akacheka, akasema ndiyo hiyohiyo, isipokuwa ngozi iko hai na inaendelea kujirudi kidogo, polepole, kwa mwaka mmoja hata miwili baada ya uzito kutulia.

Ikawa wazi kwa nini mdogo wangu wa kike, aliyenenepa na ujauzito akapungua ndani ya mwaka, ngozi yake imerudi, na yangu imegoma. Tanga wenyewe tunasema waja leo waondoka leo. Unene wangu haukuwa mgeni wa namna hiyo, ulikaa nami miaka ishirini. Umri nao una hesabu yake, nimevuka arobaini. Kiasi ulichopunguza kina hesabu yake, na kurithi kuna hesabu yake. Jua linavunja kolajeni, sigara nayo inavunja. Hayo mawili namshukuru Mungu: sigara sijawahi, na baibui limenifunika jua tangu usichana.

Kabla hajaniruhusu kushika mazoezi ya tumbo, kijana alinilaza chali, magoti yamekunjwa, akaniambia ninyanyue kichwa kidogo huku ameweka vidole juu ya kitovu, katikati. Vidole vikazama. Nimezaa mara tatu, na misuli miwili ya mbele ya tumbo, ule wa kulia na ule wa kushoto, ilikuwa imeachana na haijakutana tena. Sehemu ya tumbo niliyokuwa naita ngozi ilikuwa ni hiyo: matumbo yanasukuma mbele kwa sababu ukuta umelegea. Akanikataza zile za kulala chali na kunyanyuka mpaka kukaa, ambazo kila mtu mtaani anazipiga kwa mamia akitafuta tumbo bapa, kwamba kwa mtu wa hali yangu zinaweza kuutokeza mwanya zaidi. Akanipa za kupumua: natoa pumzi polepole huku navuta kitovu ndani, kama sentimita mbili tatu, nashikilia, naachia. Nikizoea, naongeza kuinua nyonga nikiwa nimelala. Ni mazoezi ya kuchosha kwa uvivu wake, hayatoi jasho wala sifa, lakini tumbo langu yalilisogeza kuliko kitu kingine chochote.

Mafuta yaliyobaki chini ya kitovu aliniambia hayana zoezi la mahali pake. Huwezi kuchagua mafuta yatoke wapi. Yanatoka mwili mzima, na mwili ndio unaoamua kuanza wapi na kumalizia wapi. Ngozi tupu ndiyo unayoweza kuifanyia jambo, si kwa kuibana, bali kwa kujaza chini yake. Msuli ukikua, unachukua nafasi iliyoachwa na mafuta. Haujazi yote. Aliyekuwa na kilo 118 akatafuta msuli wa kujaza pengo lote hilo atazeeka akitafuta. Ila tofauti inaonekana, hasa mikononi, mabegani, mapajani na makalioni.

Jimu zipo mjini, na vijana wanazijaza. Mimi nina cherehani, nina oda za sikukuu, na siwezi kunyanyua vyuma mbele ya watoto wa watu huku mkono unapepea. Nikatengeneza ya kwangu uani, kwa vitu vya nyumbani. Dumu la lita 5 likijaa maji ni kilo 5. La lita 20 ni kilo 20, na mwanamke yeyote wa Ngamiani aliyewahi kusubiri maji ya bomba anajua kulinyanyua, ila wengi tunalinyanyua kwa mgongo. Mkono wa plastiki wa dumu unakata kiganja, nikauzungushia kamba ya katani, kisha kitambaa cha jinzi juu yake. Halafu nikaenda kwa fundi baiskeli. Mji huu baiskeli ni nyingi na kila kona ina fundi wake, na kila fundi ana rundo la tyubu zilizochoka kuzibwa. Aliponiuliza za nini nikamwambia za kufungia mizigo. Tyubu ya baiskeli ukiikata pale penye valvu unapata mpira mrefu mzuri, imara, unaovutika. Nyembamba kwa kuanzia, nene ukishapata nguvu, au unakunja mara mbili.

Nilichokuwa nafanya, na ninachofanya hadi leo, ni siku tatu kwa wiki, kila zoezi mizunguko mitatu, kila mzunguko marudio nane hadi kumi na mawili. Kuchuchumaa nilianza na stuli ya cherehani nyuma yangu: nakaa, nainuka bila kushika kitu. Makalio yalipoanza kugusa stuli na kupaa bila shida, nikakumbatia dumu la lita 5 kifuani, baadaye la 10. Kunyanyua dumu kutoka sakafuni: miguu upana wa nyonga, makalio yanarudi nyuma kama unafunga mlango kwa makalio huku mikono imejaa vyombo, mgongo umenyooka, dumu linapita karibu na miguu. Tyubu nimeifunga kwenye nondo ya dirisha, naivuta kwangu mpaka viwiko vipite ubavu. Mabega yamekaa sawa na mgongo ulionipeleka kwa yule kijana umesahaulika. Pushapu nilianzia ukutani, nikashuka kwenye meza ya kukatia nguo, kisha kwenye stuli.

Zoezi la mikono nalieleza peke yake kwa sababu ndilo ninaloulizwa na kila mwanamke. Sote tunakunja mkono, tunatunisha msuli wa mbele, tunajiona tumefanya kazi. Ngozi inayopepea iko nyuma, na msuli wa nyuma ndio mkubwa kuliko wa mbele. Huo kazi yake ni kunyoosha kiwiko, siyo kukikunja. Napitisha tyubu juu ya nondo, nashika ncha mbili, viwiko vimebana ubavuni havisogei, nasukuma chini mpaka mikono inyooke, nahesabu mbili, naiachia irudi polepole. Ile kurudi polepole ndiyo kazi yenyewe. Ukiiachia ikufyatue umefanya nusu. Rudio la mwisho linatakiwa liwe gumu kiasi kwamba mawili zaidi ungeyaweza kwa shida. Likiwa rahisi, ongeza maji au nenepesha tyubu. Mwili ukishazoea mzigo hauna sababu ya kujenga kingine, na hapo ndipo wanawake wengi wanapokwama: miaka miwili mtu ananyanyua chupa zilezile mbili za maji ya kunywa.

Futi haidanganyi. Baada ya miezi kadhaa mkono wangu uliongezeka karibu sentimita moja na nusu, mzani ukapanda kidogo, na kiuno hakikuongezeka. Ukimwambia mtu aliyetoka kupunguza kilo 42 kwamba mzani utapanda, moyo unamwenda mbio. Mimi nilikuwa na futi, nikatulia.

Msuli haujengwi kwa tyubu tupu. Kijana aliniambia nilenge protini gramu 1.2 hadi 1.6 kwa kila kilo ya mwili, kwangu ikawa kama gramu 90 hadi 120 kwa siku, na mwenye ugonjwa wa figo asijaribu bila kumuuliza daktari wake. Nilidhani ni habari za unga wa makopo ya bei mbaya. Kumbe Tanga tunazo protini, zinazidiwa na wanga tu. Mayai mawili asubuhi yanaingiza gramu 12. Kipande cha samaki kama gramu 150 kabla ya kupikwa, kibua au changu, gramu 30. Bakuli la kunde gramu 15. Nusu lita ya mtindi, na sisi mkoa wetu maziwa tunayo, kama gramu 17. Dagaa wakavu ndio wenyewe: zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, kiganja kimoja kizuri kinakupa karibu gramu 18, na kinapikwa kwa nyanya na ndimu wakati ugali unaiva. Jumla unavuka 90 bila kopo. Nilichobadilisha ni kuzigawa siku nzima. Zamani asubuhi yangu ilikuwa chai na ngano, mchana wali, na kitoweo cha maana kikaja usiku. Vitamini C nayo mwili unaihitaji kutengeneza kolajeni, na msimu wa machungwa ya Muheza hakuna wa kunishauri.

Joto. Wanaoandika mambo ya ngozi iliyolegea wengi wako nchi za baridi, hawajui Februari ya Tanga. Kaskazi linavuma lakini chini ya kunjo la tumbo halifiki. Jasho linatuama pale, ngozi inasuguana na ngozi, panakuwa pekundu, panawasha, panaanza kutoa harufu, na fangasi wanahamia. Mwanzoni nilipaka poda ya watoto yenye manukato na pakazidi kuchoma. Kilichonisaidia ni kuosha kwa maji na sabuni isiyo kali, kukausha kwa kugusa na kipande cha kanga kuukuu, siyo kusugua, kisha kukaa dakika chache mbele ya feni huku nimelinyanyua tumbo kwa mkono. Ni kituko, mlango ukiwa umefungwa hakuna anayekuona. Mfamasia alinipa krimu ya klotrimazoli na nikaipaka kwa muda wote aliosema, hata baada ya muwasho kuisha. Mwenye kisukari asingoje: mchubuko ukifunguka, ukitoa usaha, aende hospitali siku hiyohiyo.

Hapa ufundi ulinifaa. Nilijishonea kipande kirefu cha pamba yenye mvutiko kidogo, kinaanza chini ya matiti na kuishia katikati ya mapaja, mshono uko nje ili usikwaruze. Kinalishikilia tumbo nikitembea, na kinatenganisha kunjo na kunjo. Hakibani ngozi ikarudi, nisimdanganye mtu, kinaishikilia tu. Lakini kabla yake nilikuwa siwezi hata kukimbilia daladala bila tumbo kunipiga, na mtu anayeumia akitembea ataacha kutembea. Chini ya dera navaa taiti fupi, mapaja hayachubuki. Wateja waliopungua nao nawashonea hivyo hivyo. Mikono ya nguo naikata chini ya kiwiko kidogo, siyo juu yake, na kwapani naacha nafasi, maana ngozi ile ikibanwa na kwapa la nguo inajitokeza zaidi. Kitambaa chenye bitana kinaficha mengi kuliko kitambaa kinene. Shati la kubana kiunoni kwa mtu mwenye tumbo lililolegea ni adhabu, hata kama kiuno chenyewe ni kidogo. Shingo nzuri na mabega yaliyokaa yanapeleka macho ya watu juu.

Chumbani nitasema kidogo, kwa heshima. Kuna kipindi nilikuwa nazima taa. Mume wangu alivumilia, kisha usiku mmoja akaniuliza, "Unamficha nani? Mimi ndiye niliyekupeleka hospitali ya Bombo usiku ule presha ilipopanda." Nikakosa jibu. Taa siku hizi inategemea bili ya umeme.

La upasuaji nimelichunguza na silionei haya. Kuna watu wanasema ukipungua kwa jasho lako halafu ukaenda kukatwa umefanya ujanja. Ujanja gani? Ngozi iliyokatika nyuzi haikazi wala kurudi kwa bidii yako, na kunjo linalokutia vidonda kila kaskazi si urembo, ni ugonjwa. Daktari alinieleza bila kupamba. Wanakata kutoka nyonga hadi nyonga, wanaondoa ngozi iliyozidi, na kwa wenye misuli iliyoachana wanaweza kuishona papo hapo. Kovu ni refu na halifutiki. Kuna hatari za damu, maambukizi, maji kujikusanya chini ya mshono, damu kuganda miguuni. Wanataka uzito uwe umetulia angalau miezi sita, wengine mwaka, sukari iwe imeshikika, usiwe mvutaji, na uwe umemaliza kuzaa, maana ujauzito unaivuta ngozi upya. Kwetu safari inakuwa ya Dar es Salaam, na gharama siyo ya kushonea madera mawili matatu. Sijaamua. Lakini kibubu kipo, kimefichwa nyuma ya marobota ya vitenge, na baba watoto amekitia chake bila kuniuliza kitafanya nini.

Kwa sasa, mikono imejaa vya kutosha kunyamazisha mkasi. Mapaja yamekaza nusu ya njia. Shingo imejirudi kidogo yenyewe, sikuifanyia lolote zaidi ya kusubiri. Tumbo juu ya kitovu limelala bapa kuliko nilivyokuwa msichana, chini ya kitovu kunjo lipo, dogo kuliko mwaka juzi, na sidhani litaondoka bila kisu. Mama mkwe ameacha kuniambia nirudishe mwili. Mwezi uliopita alinikuta uani na tyubu, akasimama akitazama, kisha akauliza kama hilo la kuvuta mpira linafaa kwa bega linalouma. Nikamtafutia nyembamba kuliko zote, nikamfungia kwenye nondo ya chini, nikampeleka kwanza kwa yule kijana amwangalie bega. Alirudi na karatasi ya mazoezi manne na malalamiko kwamba kijana amemwita bibi.

Mimi wiki hii nimeondoa stuli. Pushapu za sakafuni napata nne, ya tano tumbo linatangulia kugusa saruji.